Njia ya Juu, Saa Moja na Dakika Arobaini

Kazini walimwita Dakika, na yeye jina hilo alilipokea kama cheo. Alikuwa dereva wa sampuli. Kwa miaka ishirini na tisa alizungukia zahanati kumi na moja, akapokea vichupa vya damu na vikopo vya makohozi, akavipanga ndani ya kasha la barafu na kuvifikisha maabara ya hospitali kuu kabla havijaharibika. Alipewa saa sita. Zikizidi hapo damu inamwagwa, na aliyeitoa anachomwa sindano upya. Dakika alifika kwa saa tano, siku nyingine nne na nusu. Kwenye daftari la mapokezi kulikuwa na safu ya muda wa kufika, na hapo alikuwa akisaini kwa mbwembwe utadhani rais anatia saini sheria mpya.

Tusimcheke sana. Mwaka wake wa pili kazini tairi lilipasuka, jeki ikagoma, akachelewa dakika arobaini. Mtaalamu wa maabara, mama mmoja asiye na maneno mengi, alivimwaga vichupa vyote kwenye sinki huku Dakika akitazama. Wagonjwa wakaitwa kutolewa damu tena. Walikuja wote isipokuwa mtoto mmoja, ambaye alikuwa ameshazikwa. Hakuna aliyemlaumu dereva, hata barua ya onyo hakupewa. Alijilaumu mwenyewe, na tangu hapo akawa mtu wa kuwahi. Aliwahi harusini akakuta viti havijapangwa. Aliwahi kwa kinyozi akamkuta kinyozi bado anapiga mswaki.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule barazani, na baraza lenyewe lilitazama mlima. Barabara ya kutoka kwao ilikwenda kama dakika arobaini na tano hivi, kisha ikafika njia panda. Ya chini ilikata tambarare, mashamba huku na vituo vya mafuta kule. Ya juu ilipanda mlimani kona baada ya kona, ikateremkia upande wa pili. Zote mbili zilifika hospitali kuu, ila ya juu ilikula saa moja na dakika arobaini zaidi. Dakika hakuwahi kuipita hata siku moja, lakini muda wake aliujua, kwa sababu aliwauliza madereva wa malori ya mbao.

Uchokozi aliuleta mteja, mwalimu mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi. Alisema kule juu kuna mahali pa kuegesha gari, ukisimama hapo unaona mito miwili inakutana, mmoja mwekundu kwa udongo na mwingine wa kijani, na baada ya kukutana inakwenda bega kwa bega, kila mmoja na rangi yake, mpaka macho yanachoka kuifuata. Na mji wenu, alisema, unaonekana kama vifungo vilivyomwagika sakafuni.

"Mimi huu mlima naujua pindo tu," fundi alimwambia mumewe jioni ile. "Nataka siku moja nione na kola yake."

"Mlima haukimbii, mama watoto," alijibu Dakika. "Upo tu."

Hakuwa mwanamke wa kung'ang'ania. Katika miaka yote ile aliomba mara nne, na mimi nazijua zote. Mara ya kwanza walikuwa wakienda kumchukua binti yao chuoni, Dakika akasema binti atasubiri getini. Mara ya pili walikuwa wakitoka msibani, akasema si vizuri mtu kutoka kuzika akaenda kutalii. Ya tatu hakukuwa na sababu yoyote, ilikuwa Jumapili na tangi limejaa. Dakika aliuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Sasa tukishafika huko juu, tunafanya nini?" Mkewe akasema wanatazama. "Halafu?" Halafu wanarudi. Dakika akatikisa kichwa, akachukua ndoo akaenda kuosha gari. Saa moja na dakika arobaini za kutazama kitu ambacho hakisainiwi popote.

Mara ya nne ndiyo hii.

Fundi alianza kushona kwa kupapasa. Mwanzo alisingizia taa, baadaye akasingizia uzi. Alipokwenda kupimwa aliambiwa ni presha ya macho, na kwamba jicho la kulia limeshakufa bila hata kumuaga. La kushoto lilikuwa limebaki na tundu la katikati tu, kama mtu anayechungulia dunia kupitia mwanya wa mlango. Daktari bingwa alisema watalipasua kuokoa kilichobaki. Hakuwaficha. "Naweza kuliokoa, na naweza nisiliokoe," alisema. "Lakini tukiliacha litakwenda lenyewe." Akawapa tarehe na saa, saa nane mchana, na mhudumu akaongeza kwamba atakayekosa zamu yake atasubiri miezi minne.

Basi Dakika akashikwa na ugonjwa wake. Kuanzia siku ile mkewe hakuwa mkewe tena, alikuwa sampuli. Alipima mafuta, akapima upepo wa matairi yote pamoja na la akiba, akanunua jeki mpya. Asubuhi ya safari saa mbili kamili waliondoka na gari lao dogo. Fundi amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe wakati bado anaiona sindano.

Saa tatu kasoro robo walifika njia panda. Fundi akamgusa mkono.

"Mzee, tupite juu."

Dakika akapunguza mwendo. Hili lazima niliseme kwa haki yake, alipunguza mwendo mpaka gari likasimama kabisa pembeni ya kibao.

"Leo?"

"Leo ndiyo naona. Kesho sijui."

Akapiga hesabu, maana ndiyo kazi aliyoijua. Kwa chini, saa mbili, wangefika saa tano kasoro robo. Kwa juu, saa tatu na dakika arobaini, wangefika saa sita na dakika ishirini na tano. Saa nane ilikuwa mbali kwa njia zote mbili. Hesabu ilimkubalia mkewe, na Dakika aliiona kwamba imemkubalia. Lakini nyuma ya hesabu alilisikia lile sinki.

"Kule kuna malori ya mbao," alisema. "Lori moja likilala kwenye kona tumekwisha. Miezi minne, mama watoto. Nikikuchelewesha mimi nitaishi vipi?"

"Muda upo. Hata mimi najua kuhesabu."

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sikiliza, tukapasue kwanza. Tukirudi una jicho zima, tunapita juu, unaona vizuri kuliko leo. Sasa hivi utaona nini na hicho kitundu?"

Fundi alitoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe, akaupakata pamoja na ule mwingine. Dakika akaweka gia akashika ya chini.

Walifika saa tano kasoro robo juu ya alama. Msichana wa mapokezi alikuwa amemzoea, akamuuliza kwa utani kasha liko wapi leo. "Leo nimemleta mama," alisema Dakika, na kwa mazoea akaongeza, "Andika tumefika saa tano kasoro robo." Msichana akacheka, akasema hapa upasuaji hatuandiki muda wa kufika, mzee wangu, tunaita tu kwa zamu. Nendeni mkakae.

Wakakaa. Lilikuwa benchi la mbao kwenye korido nyembamba isiyo na dirisha, na mbele yao, kiasi cha hatua mbili, ulikuwa ukuta. Dakika aliridhika. Alinyoosha miguu, akasalimiana na mlinzi, akala ndizi. Kila baada ya muda alitazama saa yake na kusema, "Unaona? Tumewahi." Ikapita saa sita, ikapita saa saba, saa nane yenyewe ikapita, mgonjwa wa kabla yao akawa amechelewa kutoka. Fundi alikuwa amekiinua kichwa kidogo, jicho la kushoto wazi. Aliitwa saa tisa kasoro dakika kumi. Walikuwa wamekaa pale saa nne na dakika tano.

Alilazwa siku mbili. Walirudi kwa njia ya chini, maana jicho lilikuwa limefungwa bandeji na hata Dakika aliona hakuna maana ya kumpandisha mlimani mtu aliyefungwa macho. Bandeji ilipotolewa fundi aliona mwanga, kama wa taa nyuma ya pazia zito. Wakashukuru. Siku ya nane ule mwanga nao ukakatika. Daktari alisema alifanya alichoweza, na alikuwa anasema kweli, kwa hiyo hata wa kumkasirikia hakupatikana.

Binti yao alikuja kukaa na mama yake. Jioni moja alikuwa anamsuka barazani, na Dakika yuko ndani, nyuma ya mlango, anatafuta viatu.

"Mama," binti aliuliza, "kitu cha mwisho kukiona vizuri ni kipi?"

"Ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa hospitali. Chini wamepaka kijani cha mafuta, juu maziwa. Aliyepaka mstari wa katikati hakutumia kamba, umepanda kulia. Kuna ufa unaanzia kwenye swichi unakwenda mpaka darini, katikati unagawanyika mara mbili. Kuna msumari wa kalenda, kalenda hakuna. Kuna alama tisa za mikono, moja ya mtoto." Alinyoosha mkono. "Nipe kitambaa nikudarizie, siwezi kukosea hata kona."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo palipomuua Dakika. Angetukana ingekuwa nafuu. Alisimama na kiatu kimoja mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua ni saa ngapi. Alijua tu kwamba saa moja na dakika arobaini alizoziokoa njiani alimpa mkewe azitumie kwenye ukuta, na nyingine zaidi ya hizo akamwongezea bure.

Wiki ya sita walikwenda kliniki ya marudio, ya kuangalia kidonda tu. Wakati wa kurudi, barabara zilipoachana upande ule wa hospitali, Dakika hakuuliza mtu. Akapinda kushoto, akashika ya juu. Alikuwa na mpango, maskini. Alidhani atamweleza, atamwambia hiki na kile, na kwamba kuelezwa nako ni kuona.

Mtu asiyeona humjua dereva kwa mgongo. Fundi alisikia kiti kinamvuta nyuma, akasikia gia ya pili, kisha kona, na kona nyingine.

"Umepita juu," alisema.

"Ndiyo."

Gari likapanda kona tatu nzima kabla fundi hajasema tena.

"Sasa unampeleka nani?"

Dakika alitazama pembeni, lakini barabara ya mlimani haina pa kugeuzia. Alilazimika kuendelea, jasho likimtoka kama mwanafunzi wa udereva, mpaka walipofika pale pa kuegesha. Akazima injini. Fundi aliteremsha kioo, akaweka kiwiko dirishani, lakini hakutoka. Dakika akashuka peke yake, akasimama ukingoni.

Mwalimu hakuongeza chumvi. Kama alikosea, alikosea kwa kupunguza. Mito ilikuwa pale chini, mwekundu na wa kijani, mmoja ubavuni mwa mwenzake bila kugusana rangi, ikimeta mbali kabisa kwenye tambarare ambayo Dakika aliivuka kila siku ya kazi akitazama mkeka wa lami tu. Kitundu cha jicho lile kingetosha. Kingetosha na kubaki. Alisimama hapo akilia kimyakimya, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, kwa kuwa aliyekuwa anaiona mito ile ni yeye ambaye hakuwahi kuitaka.

"Mzee," mkewe aliita kutoka garini. "Mito inaonekana?"

Alifuta uso kwa mkono wa shati. Alitafuta ujasiri wa kumwambia mwanamke yule ni kitu gani alichomnyima, hakuupata.

"Hapana," alisema. "Ukungu. Ukungu mtupu, mama watoto, huoni hata hatua tano."

Jua la saa saba lilikuwa limemlalia fundi mkononi, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, kali kiasi cha kuchoma. Akaugeuza mkono taratibu, upande wa kiganja nao ukapata jua, kisha akauingiza ndani na kupandisha kioo.

"Haya," alisema. "Twende nyumbani."