Sauti Iliyosafishwa Makambako

Baba yangu alionekana kwenye televisheni mara moja maishani mwake, kwa dakika tisa, na dakika zote hizo alikuwa ameipa kamera mgongo. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu Mdandu, na mwalimu wa kwaya hutazama waimbaji, hata kama naye anaimba besi pamoja nao. Watu wa kijijini walilalamika. Yeye hakuona tatizo.

Jumapili ya kipindi hicho alikuja na mama nyumbani kwangu mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, kwa sababu televisheni yangu ilishika vizuri. Nilikuwa nimenunua kadi ya kurekodia televisheni, kidude kinachochomekwa ndani ya kompyuta, unakiunganishia waya wa antena, nacho kinanasa kipindi na kukihifadhi. Niliipachika mwenyewe. Mimi ni karani wa masjala, si fundi, lakini maelekezo yalikuwa na michoro. Tukakaa sebuleni, jiko la mkaa katikati, kompyuta mezani nyuma yetu. Kipindi kilipokwisha nikahakikisha picha ipo. Sauti sikuisikiliza, maana spika nilikuwa nimewaazima majirani kwa ajili ya sherehe ya kipaimara. Walizirudisha baada ya wiki tatu, moja imepasuka.

Halafu kompyuta ikafa. Nilitoa diski yake, nikahamishia faili kwenye kompyuta nyingine, nikagundua kwamba lilikuwa likifunguka kwa programu moja tu, ile iliyokuja na kadi. CD ya programu hiyo mke wangu alikuwa ameitundika kwenye bustani ya mboga kutishia ndege. Kazi hiyo iliifanya vizuri, ila jua lilishaimaliza. Sikuhangaika sana. Baba alikuwepo, na aliyetaka kuuona mgongo wake angeweza kwenda kanisani Jumapili yoyote.

Baba akafariki. Mwaka wa tatu baada ya kumzika nilikwenda Mdandu kumsaidia mama kuvuna viazi. Jioni tukiwa jikoni akaniambia, "Mwanangu, sura ya baba yako ninayo pale ukutani. Sauti ndiyo inaniponyoka. Juzi nilitaka kukumbuka alivyokuwa akiniita, ikanijia sauti ya mchungaji."

Nilisogeza kuni mekoni.

"Lile faili lako lina sauti yake?"

"Linayo, mama," nilisema, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kulisikiliza.

"Basi lifungue, kabla haijaniishia yote."

Nilianza na simu, ikasema faili haliwezi kuchezwa. Kompyuta ya ofisini ilionyesha rangi ya kijani iliyokatwa vipande, bila sauti. Nililiweka kwenye flashi nikaichomeka kwenye televisheni, ikaandika jina la faili na kuishia hapo. Nikabadilisha herufi za mwisho za jina lake, ziwe zile ambazo simu inazikubali. Masjala yetu huendeshwa hivyo: ukibandika lebo mpya, jalada ni jipya. Kompyuta haikushawishika. Siku hiyo nilimgombeza mke wangu kuhusu CD, naye akanikumbusha kwamba mboga nilizila.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Makambako anayepiga video za kwaya. Alitazama faili kama daktari anayemjua mgonjwa. "Kadi hizi kila moja ilifunga picha kwa namna yake," alisema. "Ni kama gunia la viazi. Aliyelishona ndiye anajua uzi wa kuvuta. Njoo Alhamisi."

Alhamisi aliniwekea kwenye flashi. Picha ilikuwa safi na kwaya ikisikika vizuri mno. Sikusikiliza hadi mwisho. Nilikimbilia Mdandu nikiwa nimefurahi sana.

Mama alivaa sweta lake la kanisani, akakaa mbele ya televisheni yake. Alitazama dakika zote tisa. Kisha akasema, "Besi hii si yake."

"Mama, si yule pale anapunga mikono?"

"Mikono ni yake. Besi ni ya mwalimu wa sasa. Huwa anaivuta mwishoni." Akavua sweta, akaenda kuangalia maharage. Niliona aibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema linayo.

Nilirudi Makambako kesho yake, upepo ukinijaza vumbi mdomoni kabla sijaanza kugomba. Fundi hakuona kosa. "Kaka, video za kwaya zote tunawekea sauti ya studio, ndiyo kazi yetu. Ya kwako ilikuwa chafu. Watu wanaongea, vikombe vinagongana, mtu anakohoa. Kwaya yenu imerekodi upya wimbo huohuo, ninao hapa, nikauweka juu. Na sikukudai nyongeza."

"Ule uchafu umeutupa?"

"Bado upo."

Akanivisha vipokea sauti masikioni. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Kompyuta yangu ilinasa picha kutoka kwenye kadi, lakini sauti niliiacha iingie kwa maikrofoni iliyokuwa mezani, ikatunasa sisi tuliokuwa sebuleni. Kwaya ilisikika kwa mbali, kama inaimba nyumba ya jirani. Karibu kabisa, nyuma ya shingo yangu, baba alikuwa akilalamika kwamba waimbaji wanaukimbiza wimbo tena. Niliomba kiti. Fundi akaniambia nimeshakikalia.

Nilimwambia asisafishe kitu chochote. Alinionea huruma, akatii.

Mama safari hii hakuvaa sweta. Kwaya ilipoanza kwa mbali alikunja uso. Kisha baba akasema, "Chai hii nani kaipika? Haina majani," na mama akashika ukingo wa meza. Baada ya muda akaniambia, "Izibe hiyo picha, inanichanganya." Nikaifunika kwa kitambaa cha kochi, tukabaki tunakitazama kitambaa.

Dakika ya sita baba alikohoa, akalalamika kuhusu baridi ya Njombe, kisha akamwita mama. Alimwita kwa jina ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulitumia, kwa hiyo sitaliandika. Sauti ya mama, ya wakati ule, ikajibu, "Abee." Basi. Baba alitaka jiko lisogezwe karibu na miguu yake.

"Rudisha hapo," mama alisema.

Nikarudisha. Akaomba tena, nikarudisha tena. Mara ya nne alijibu mwenyewe, kabla ya ile sauti yake ya zamani.