Shamba la Kwenye Simu

Kinyozi wetu wa huku ughaibuni, Rosettenville, ni mkulima hodari, jembe tu ndilo hana. Shamba la michungwa la familia yao liko Muheza, naye hulilima kwa simu kila siku huku mteja akisubiri na kichwa kilichonyolewa nusu. Juzi kichwa hicho kilikuwa changu. Vidole vyake laini, vinavyonuka spiriti, vilinishika utosi nisitikisike, akamfokea mdogo wake Twalib kuhusu palizi kama bwana shamba wa serikali. Halafu, kama kawaida yake, akaagiza simu ipelekwe kijitoni, kwenye miti ambayo marehemu baba yao alikataza isikatwe, ili asikie ndege. Saluni nzima tulinyamazishwa kwa heshima ya ndege wa Muheza. Mimi huwa nacheka.

Ndipo Twalib akasema yule mnunuzi aliyewahi kulitaka shamba amerudi, anataka kukata viwanja, na safari hii bei inatosha kumrudisha kaka nyumbani. Mashine ikazimwa. Kinyozi hakufoka.

"Mwambie shamba ni wakfu. Litalimwa, miti itabaki, na haliuzwi mpaka Kiyama. Hata mimi nikija kuwaomba tuuze, nifukuzeni."

"Eish, fundi, mpaka Kiyama ni mbali," nikamtania.

"Na la kwenu, nani analilima?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba la kwetu limeendelea: nililiuza, sasa lina maduka sita na choo cha kulipia. Alinisogezea simu sikioni, ndege bado wakilia, akaendelea kuninyoa.