Magunia Mia Nne na Kumi na Sita

"Wiki nzima? Mzee, hata aliyejifungua mapacha jana hapumziki wiki nzima. Wewe mapaja yameuma kidogo tu, unataka tufunge ghala, tutandike mikeka, tukae matanga?"

Huyo ni msimamizi wetu mpya, kasimama mlangoni mwa ghala la sukari saa mbili asubuhi, kashika karatasi ya zahanati kwa ncha za vidole viwili kama kaiokota jalalani. Anayesemwa ni Winchi, tuliyempa jina la mashine ya kuinulia mizigo. Jina alilopewa na mama yake liko kwenye kitambulisho huko. Ukiliulizia hapa ghalani utazunguka mpaka jioni. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa anatoa magunia ya kilo hamsini kwenye lundo, anapanda nayo ubao, anayalaza kwenye lori. Mimi nashona yaliyopasuka na kiti changu kiko hapohapo mlangoni, kwa hiyo haya ya ghalani sikusimuliwa na mtu.

Winchi alikuwa na mtindo wake. Anabeba kumi, anakaa. Anabeba kumi, anakaa. Ndoo anaigeuza kitako juu, anakunywa maji aliyotia chumvi kidogo, anaweka vidole shingoni. Mapigo yakitulia anainuka. Vijana wenye vifua vyao humcheka asubuhi. Ikifika saa tisa wamelala juu ya magunia kama nguo zilizodondoka kwenye kamba, na yeye bado anakwenda na kumi zake. Hakusomea popote. Mwili ndio uliomfundisha, na ulimchapa kweli.

Basi akaja huyu bwana msimamizi. Anapenda kukimbia, na mkononi ana saa inayojua kila kitu isipokuwa adabu. Jumatatu moja akasimama pembeni ya lori, akahesabu Winchi amebeba mangapi saa ya kwanza. Hamsini na mawili. Akapiga hesabu: siku ina saa nane za kazi, hamsini na mawili mara nane. Akachukua chaki akaandika ukutani, 416, tarakimu kubwa kama za mlango wa choo cha stendi.

Sasa niulize mimi ambaye shule niliishia kati. Ile ilikuwa saa ya kwanza ya Jumatatu, mtu katoka kulala Jumapili nzima. Saa ya saba ya Alhamisi inafananaje na hiyo? Ni sawa na kumwona mtoto akishuka mlima mbio, ukasema kumbe na kupanda atapanda hivyohivyo. Nilimwambia. Akanijibu, "Fundi, wewe shona."

Ndoo ikapigwa marufuku. Anayekaa, anaandikwa mvivu.

Jumatatu hiyo Winchi alizifikisha hizo mia nne na kumi na sita. Jumanne alizifikisha tena. Jumatano alifika mia tatu na themanini, akashuka ubao akishika ukuta. Nyumbani, alivyonisimulia mwenyewe, mkewe, shemeji yetu, akampa kikombe cha chai, mkono ukagoma kukipandisha mpaka mdomoni. Shemeji akadhani mume kapitia mahali kulewa, akaanza kumnusa. Hakunusa kitu. Alfajiri Winchi akamwita chooni amtazamie: mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Kule zahanati, muuguzi hakuzunguka maneno. "Baba, nyama za mwili wako zimechanika, taka zake zimeingia kwenye damu, na figo zinahangaika kuzichuja. Kunywa maji mengi, pumzika wiki nzima, halafu urudi tupime. Ukibeba mzigo kabla ya hapo usinitafute mimi, nenda moja kwa moja hospitali kubwa." Akaandika karatasi. Ndiyo ile inayoning'inia vidoleni mwa msimamizi.

"Bosi," Winchi akasema, taratibu, kama anayemuuliza mtu njia. "Jumapili iliyopita ulikimbia?"

"Kilomita ishirini na moja," msimamizi akasema. Hakuweza kujizuia, alitabasamu. "Wewe unalalamika na magunia, mimi nakimbia hata mshahara silipwi."

"Jana jioni ulikimbia?"

"Jana hapana. Saa ilikataa."

"Ilikataaje?"

"Inapima mapigo, inapima usingizi. Inakwambia mwili haujarudi, subiri siku tatu, nne. Kocha naye anasema hivyohivyo. Misuli haijengeki ukikimbia, inajengeka ukipumzika. Hiyo ni sayansi, mzee."

Dereva wa lori aliyekuwa akitafuna kijiti akakitoa mdomoni. Mimi sindano ilisimama katikati ya gunia, maana nilitaka kusikia kama mwenyewe amejisikia. Hakujisikia. Mtu anakimbia kwa raha yake, na viatu vyenye soli laini kama mto, halafu kifaa kinambembeleza apumzike siku nne. Aliyebeba tani ishirini anaambiwa usiku mmoja unamtosha, na akikaa juu ya ndoo ni mvivu. Kwani nyama za huyu zimetengenezwa kiwanda gani?

"Na mimi mwili haujarudi," Winchi akasema.

"Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Msimamizi akaitazama saa yake. Akakunja karatasi ya zahanati mara mbili, akaishindilia kwenye mfuko wa shati la Winchi.

"Sikiliza, mimi si katili. Leo beba mia mbili tu, nusu. Kesho tutaona. Ukishindwa hiyo, nafasi yako nampa mtu mwingine leo hii, wako wengi getini. Unabeba, hubebi?"

Winchi akalitazama lundo. Nilimwona anapima, macho yanapanda gunia kwa gunia mpaka juu.

"Nimekuuliza, mzee. Unabeba, hubebi?"

Winchi akageuka, akapita katikati ya lori na ukuta, akienda polepole kwa mapaja yasiyokunjika, akatoka getini.