Jogoo Niliyemsifu Kupita Kiasi

Tangu nitoke chuo kikuu sikubali neno bila ushahidi, na majuzi huko Ruiru niliupata. Mkubwa wangu wa maabara, Mzungu, alishikilia kwamba mafua ya watu na ugonjwa wa kuku havihusiani. Mimi nilibisha. Basi nikafika kwa Mzee Wafula, mfanyakazi wa shamba la kahawa aliyetoka magharibi. Jamaa zake wote waliugua mafua, kuku wake wakafa wiki hiyo hiyo, akapona jogoo mmoja tu. Damu ya jogoo huyo ingetuamulia ubishi, ila mkubwa alitaka kuitoa mwenyewe.

"Mzee, huyu jogoo ni wa ajabu," nilisema. "Ruiru nzima sijaona kama yeye! Jumamosi namleta mkubwa wangu kwa sababu yake."

Mzee alinishika mkono. "Nimekuelewa, daktari."

Jumamosi tulikuta ugali na kuku mezani. Nikapewa firigisi, heshima ya mgeni mkuu, mkubwa wangu akitazama. Niliitafuna polepole huku nikimweleza jinsi atakavyoaibika leo. Sijawahi kushinda mtu kwa raha namna ile.

"Haya, jogoo iko wapi?" akauliza mkubwa, akifungua mkoba wa sindano.

Nikamgeukia Mzee Wafula. Alikuwa anang'aa kwa furaha.

"Bwana mkubwa, kijana wako alimsifu mpaka nikaona haya kumnyima. Firigisi yake ndiyo hiyo anayomalizia kumeza!"