Ukungu Ambao Haukuwepo

Madam Ndunge amefanya kazi miaka kumi na tisa katika maabara ya shule moja ya sekondari pale Kiganjo, Thika. Si mwalimu. Yeye ndiye anayeosha chupa, anayepima asidi, anayehakikisha vifaa viko mezani kabla ya kengele. Wanafunzi wanamjua kwa jambo moja: hataki matokeo ya kupikwa. Jaribio likikataa, anawaambia waandike limekataa.

Mapenzi yake ya picha yalianzia humo humo, kwa mbawakawa aliyekuwa amekufa kwenye dirisha la maabara, mgongo wake uking'aa kijani na zambarau. Ndunge alinunua kamera kuukuu, na tangu hapo Jumamosi hazikuwa za mtu mwingine. Alipiga wadudu kwenye ua wa michongoma. Aliupiga mlima wa Kilimambogo asubuhi ukiwa umejifunika wingu. Shule zikifungwa, alienda kwa kaka yake Maluki, mashariki ya Thika, mahali pasipo na taa za barabarani, akapiga nyota.

Mwaka jana kamera hiyo ilikufa. Fundi Ouma wa mjini Thika aliifungua, akamwambia kilango cha ndani kinachofunguka kuingiza mwanga kimevunjika na kukitengeneza ni kupoteza pesa. Atafute nyingine.

Kutafuta kukawa kazi. Kamera moja ilikuwa nyepesi na ilimwona mdudu vizuri, lakini gizani ilijaza picha chengachenga kama mchanga. Nyingine ilizijua nyota, ila lenzi yake ya kupigia vitu vidogo kwa karibu ilikuwa ghali kuliko kamera yenyewe. Za dukani, mpya, hakuuliza hata bei. Mkobani alibeba karatasi yenye safu tatu, mdudu, mlima na nyota, na kila kamera iliyoshinda safu mbili iliangushwa na ya tatu.

Ndipo kwenye grupu ya WhatsApp ya wapiga picha wa Thika na Ruiru, Mwalimu Zacharia Njau akatangaza anauza vifaa vyake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, anayeishi Gatongora na binti yake Emmah. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hawezi tena kushika kamera ikatulia. Alikuwa na kamera moja na lenzi mbili, ya karibu kwa wadudu na ya mapana kwa mlima na anga. Safu zote tatu zikajaa.

Ndunge alienda Gatongora Jumamosi. Emmah alileta chai, na mzee akaifungua kamera kutoka kwenye taulo safi kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Bei aliyotaja ilikuwa ya haki, na Ndunge alikuwa nazo hizo pesa. Hakuna kisingizio hapo. Alimulika lenzi ya mapana kwa tochi ya simu, akaona punje mbili tatu za vumbi, kama zilivyo kwenye lenzi yoyote iliyotumika. Mdomo ukasema jambo lingine.

"Mwalimu, hii imeingia ukungu."

Mzee alivaa miwani, akaiinua lenzi kwenye mwanga. Ilitetemeka mkononi, asiweze kuituliza. "Wapi?"

"Hapo ndani, kama ule wa mkate uliolala. Na ukungu unahama, kutoka lenzi moja hadi nyingine."

Emmah alisema baba yake anavitunza kwenye mkebe mkavu, na kila mwezi anavifuta. Mzee akamnyamazisha. "Madam ni mtu wa maabara. Kama ameuona, upo." Akaishusha bei mwenyewe, kupita pale Ndunge alipotamani ishuke, halafu akamwomba radhi kwa kumtoa Thika kuja kuangalia kitu kibovu. Ndunge akalipa, akaondoka na kamera na lenzi zake.

Siku mbili Ndunge alijiambia kwamba huko ndiko kupatana bei, kila mtu hufanya. Siku ya tatu, akiwa ofisini saa ya mapumziko, simu ikalia. Mwalimu Zacharia alikuwa ameandika kwenye grupu:

"Hamjambo wote. Mtaalamu amegundua lenzi zangu zina ukungu, na unaambukiza. Gathogo na Nekesa, mliponunua lenzi kwangu sikujua. Zirudisheni, nitawarudishia pesa yenu. Naomba mnisamehe."

Chini yake, Ronny, kijana anayeuza kamera, aliandika kwamba kumbe mzee alikuwa anawauzia uyoga. Watu wakacheka. Ndunge alilisoma lile neno, mtaalamu, akaigeuza simu kifudifudi kana kwamba walimu waliokuwa ofisini wangeweza kumsoma.

Aliandika ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta. Kesho yake msichana wa kidato cha tatu alinakili vipimo vya jirani yake, na Ndunge akaanza kumkemea kama kawaida. Akamrudishia daftari bila kumaliza.

Jumamosi alirudi Gatongora na kamera. Mzee alikuwa mezani na Emmah. Gathogo alikuwa amesharudisha lenzi yake, na mzee alikuwa anaimulika.

"Nimeangalia asubuhi yote," alisema. "Siuoni. Nafikiri macho nayo yameenda."

"Haupo, Mwalimu. Haukuwahi kuwepo. Nilisema hivyo ili unipunguzie."

Mzee alijaribu kuzima tochi. Kidole gumba kilikosa swichi mara ya kwanza, kikaipata mara ya pili. Emmah aliinuka, akaenda jikoni.

"Ulikuwa huna pesa?"

"Nilikuwa nazo."

Mzee alionekana kama angependa jibu liwe lingine. Ndunge aliweka mezani kamera, na kando yake pesa iliyobaki ya bei ya kwanza. Mzee alichukua pesa, akaisukuma kamera irudi kwake.

"Nikibaki nayo, nitatafuta ukungu humo hadi nife. Enda nayo. Lakini uandike kwa grupu, kwa jina lako."

Ndunge aliandika hapo hapo, akamsomea. Alikuwa ameandika kwamba alikosea kuhusu lenzi za Mwalimu.

"Kukosea ni kukosea," mzee alisema. "Andika kile ulifanya."

Ndunge alilifuta neno, akaandika nilidanganya, akatuma. Jioni Ronny aliufuta mzaha wake. Gathogo alikuja kuichukua tena lenzi yake, na Nekesa akasema yake haitoki mkononi mwake. Kwa Ndunge hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemjibu.

Kamera ni nzuri kwa yote matatu. Mwezi wa nane alipiga nyota kwa Maluki, picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, lakini kwenye grupu hajaiweka hadi leo. Aliituma kwa Mwalimu Zacharia peke yake. Mzee alijibu kwamba nyota za pembeni zimevutika, afunge kidogo tundu la lenzi linaloingiza mwanga. Hakusema kingine, wala hajawahi kuligusia lile jambo, na Ndunge akipokea jibu lake huona aibu upya.

Emmah, wakikutana sokoni Ruiru, humsalimia kwa kichwa tu. Ndunge humwitikia vivyo hivyo na kuendelea kuchagua nyanya, bila kudai zaidi.