Mguu Nyuma ya Pazia

Shule niliiacha mapema, nikijua jina langu na hesabu kidogo, na bado nasema hakukuwa na fundi bati kama mimi visiwani kwetu, kuanzia Wiyoni hadi Siyu. Hata waliobisha walinunua taa zao kwangu.

Miaka ile ya sitini alikuja daktari wa utafiti kutoka bara, kijana mpole, akijaribu vidonge vya matende. Kabla ya kumpa mtu dawa alimpima mguu kwa utepe, ili baadaye ajue kama uvimbe unapungua. Mama yangu, ambaye mguu wake wa kushoto ulivimba hata akaacha kwenda harusini, alikataa.

"Mguu huu umeonwa na mato ya babako tu."

Na bila kipimo, hakuna vidonge.

Mchana ule nililala nikaota birika la kuogea la nyumbani: maji ya kijani, mimi mtoto nikishuka taratibu, nayo yakipanda hadi ukingoni, kana kwamba yananipisha. Nikaamka na jibu. Nikakata madebe, nikalehemu chombo kirefu mfano wa kiatu cha jitu, chenye mdomo ubavuni. Ukikijaza pomoni kisha ukatia mguu, maji yanayomwagika ndiyo ukubwa wa mguu. Daktari akasema hayo yamo vitabuni tangu zamani. Nikamwambia mimi sikuvisubiri.

Tukatundika pazia. Mama na chombo ndani, mimi na daktari nje na chupa ya kupimia, mdomo wa bati ukichungulia chini ya kitambaa. Maji yakatoka kidogo, yakakoma. Daktari akashangaa: mguu huu ni mzima kabisa.

"Mama, umetia upi?"

"Ule mzuri. Ulio mgonjwa hauoneshwi wageni."

"Hatuuoni, mama. Tunaona maji tu."

Nikamsikia akiutoa mguu na kukijaza chombo upya. Kisha maji yakaanza kushuka, yakashuka, mwanga wa dirishani ukielea ndani ya chupa hata nikasahau nilipo. Vidonge akapewa.

Miezi ikapita, tukapima tena. Safari hii maji yakakoma mapema. Daktari akanitazama, nami nikajua anawaza nini.

"Mama, ni ule mgonjwa?"

Pazia likatikisika. Chini yake ukatokeza mguu wa kushoto, umelowa, bado umevimba, lakini kifundo chake nilikiona kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Daktari akageukia dirishani upesi.

"Haya," mama akasema, "mwambie aandike."