Wimbo wa Kumrudisha Mume kwa Mamake

Aibu nyingine mtu huzifukia na maisha yakaendelea, lakini yangu waliiona wanawake wa Amu, Lamu kwenu, karibu wote na nusu ya kisiwa cha Pate, kwa hivyo hakuna cha kufukia, na afadhali mnisikie mimi kuliko kumsikia binamu yangu, ambaye kila akiisimulia huongeza kitu (mara ya mwisho nilikuwa nimecheza juu ya meza, sikupanda meza yoyote, wallahi).

Mimi napenda muziki wa kantri. Najua, najua. Mtoto wa Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, aliyelelewa kwa kasida na taarabu, anatafuta nini kwenye magita ya wachunga ng'ombe? Niliupata chuoni, kule Bonde la Ufa, kwa Chebet niliyekaa naye chumba kimoja, ambaye kwao kantri huisikia kwa kinyozi, kwa fundi viatu, mpaka matangani. Tulipomaliza masomo kila mtu akarudi kwao, lakini kundi letu la wasapu likabaki likibishana, na siku moja Chebet akatoa amri: kila mtu achague wimbo mmoja tu wa kantri, ule wa maisha yake yote, na autetee. Wenzangu walichagua kabla chai haijapoa. Mimi nikaanza maswali. Bora kwa kipimo gani? Maneno au sauti? Unaoupenda leo au utakaoupenda ukizeeka? Nilizipima nyimbo mpaka mamangu akauliza kama nimepata kazi ya redio, na mwisho nikaupata, na nikaapa kwamba huo sitaubadilisha hata wanicheke vipi.

Ni wimbo wa mwanamke aliyechoka. Anampakia mumewe kwenye pikapu pamoja na viatu vyake, anaendesha mpaka kwa mama mkwe, na kumwambia: mwanao huyu hapa, nimemfua, nimempiga pasi, mpokee. Lakini mimi niliuchagua kwa sababu ya fidla. Ile fidla inaanza kama mtu anayelia, kisha katikati inabadili nia na kuanza kucheka, na ukiisikia mabega hayakai.

Sasa, wiki hiyo hiyo dada yangu Swabra alikuwa anaolewa.

Kwetu siku ya kupamba ni ya wanawake watupu. Bibi harusi hukalishwa juu ya jukwaa aonekane, simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni, na kila jamaa wa karibu huchagua wimbo wake, akatoka mbele kucheza na kutunzwa. Na wimbo hauchaguliwi bure. Ukichagua una jambo na mtu, na mtu huyo atajijua, na walioketi karibu naye watamjua kabla yake. Shangazi yetu, Bi Maryamu, alinikalisha mapema akanikumbusha.

"Wewe utatoka na taarabu," akasema. "Moja ya kumsifu dada yako, ukae."

"Nitatoka na wimbo wangu wa kantri."

"Wa nani huo umemkusudia?"

"Simkusudii mtu, Shangazi. Ni wimbo tu. Sauti itajuaje imetumwa kwa nani?"

"Sauti haijui. Watu ndio wajuao."

Nikamwambia hayo ni mazoea, na mazoea si hoja. Swabra, ambaye mikono yake yote ilikuwa na hina na hakuweza hata kujikuna, akasema, "Mwacheni achague anachopenda, harusi yenyewe ni yangu." Nikampa dijei, Halima, flashi yangu.

Jambo moja sikulifikiria. Kwetu baba humpa binti nyumba, na mume ndiye anayehama kwao akaenda kukaa na mke. Bwana harusi, Nasri, ni mtoto wa pekee wa Bi Mwanaidi wa Pate, na Bi Mwanaidi alikuwa amekuja na wanawake wake kumkabidhi. Alikuwa ameketi kiti cha mbele kabisa, kipochi mapajani, na ndani ya kipochi mkufu wa dhahabu ambao angemvisha Swabra mbele ya watu. Bila ya mkufu ule, kwa mila zetu, mkwe hajapokewa.

Zamu yangu ikafika. Fidla ikalia. Wasichana wakacheka, mabibi wakatazamana, na mimi mabega yakaanza. Nilikuwa nacheza vizuri, hilo hata binamu yangu hakanushi.

"Yuwaimbani huyo?" bibi mmoja wa Pate akauliza kwa sauti.

Hapo ningeweza kusema, "Anasifu mapenzi, Bibi," na leo tusingekuwa na mkasa. Lakini Halima akaninyooshea maiki, na mimi ni mtu ninayeamini kwamba anayeuliza ajibiwe ukweli. Nikaishika. Nikafasiri, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili kilichonyooka, huku nacheza: nimemchoka huyu, nimemtia kwenye gari, namrudisha kwa mamake. Kichwani mwangu mambo yote hayo yalikuwa yakitokea Marekani.

Ukumbini yalikuwa yakitokea pale pale. Vigelegele vikalipuka upande wetu, wanawake wa ukoo wetu wakamiminika kunitunza, noti zinapepea, "Mwambie, Rukia! Mwambie!" na mimi, mpumbavu, nikadhani wameipenda fidla. Kwa furaha hiyo nikafanya la mwisho: nikasogea kumwalika mgeni wa heshima acheze nami. Nikafika mbele ya Bi Mwanaidi, nikamnyooshea mikono yote miwili, nikatamka kwenye maiki, "Mwanao huyu hapa, nimempiga pasi, mpokee!"

Bi Mwanaidi akasimama.

"Hata usiku mmoja hajalala kwenu," akasema, wala hakuhitaji maiki, "mushamrudisha?"

Akafunga kipochi. Wanawake wake wakachukua mabuibui yao. Walipopita mlangoni, kikapu cha simu kikapinduliwa, na kwa muda kilichosikika ni wanawake wa Pate wakigombana na sakafu wakitafuta simu zao, halafu wakaenda.

Nikapanda jukwaani kwa Swabra. Wanja ulikuwa umeanza kushuka.

"Rukia," akasema polepole, "huyu akivuka maji na mkufu wake, mimi nitaishi vipi na mwanawe?"

Shangazi akasema kesho watatumwa watu wazima kwenda kuomba radhi. Kesho! Kesho Pate yote ingekuwa imeshahadithiana. "Nimeharibu mimi, namrudisha mimi," nikasema, "na narudi naye yeo hii." (Nikikasirika Kiamu hutoka chenyewe.) Nikavaa buibui, ndani nje kama nilivyokuja kugundua, nikakimbia.

Uchochoro wa kwanza ulikuwa na punda wawili wamebeba mchanga, wanakuja kwangu, na kichochoro hakiruhusu punda wawili na mtu mmoja mwenye haraka. Nikajibana ukutani, punda wa pili akaamua kusimama apumzike usawa wangu, na mwenye punda akaniuliza kwa upole kama harusi imeisha. Nilipotoka pale gauni langu lilikuwa na mchanga kuliko punda.

Nikawakuta jetini, gati la boti. Maji yalikuwa yametoka, na boti ya Pate haiwezi kupita mkondoni mpaka yajae, kwa hivyo Bi Mwanaidi alikuwa ameketi juu ya ngazi na hasira zake zote bila pa kwenda. Manahodha walikuwa wamepanga mstari wakitazama mbali, kama watu wanaosikiliza sana.

"Bi Mwanaidi, nisamehe. Sikukukusudia. Niliupenda wimbo kwa fidla yake."

"Fidla ndiyo ilosema nimpokee mwanangu?"

Nikaketi ngazi ya chini yake.

"Yeo asubuhi," akasema, safari hii kwa sauti ndogo, "nimekwenda kukiona chumba chao. Nikawauliza mumemwekea mto upande gani, maana yeye hulala kuelekea dirishani tangu mdogo. Hakuna alonijibu. Kila mtu yuwaonyesha kabati. Halafu wewe wanitolea wimbo."

"Nitauweka mto dirishani mimi mwenyewe," nikasema. "Wallahi nitauweka."

Akanitazama. "Wimbo huo umekwisha pale? Kwamba mpokee, basi?"

"La. Una ubeti wa mwisho."

"Ulianza mbele ya watu. Maliza mbele ya watu."

Tatizo ni kwamba ubeti ule naujua kwa kuuimba tu, siwezi kuusema kavu. Kwa hivyo nikauimba, mimi mtoto wa watu, mchana kweupe jetini, na buibui ndani nje, kwa Kizungu cha puani, manahodha wamesahau kutazama mbali. Kisha nikafasiri: mama mkwe anatoka barazani, anamtazama mwanawe juu mpaka chini, anasema, "Niliwapa mzima, mumemzoea, sasa kaeni naye. Na pikapu iache hapa."

"Alimwambia hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na pikapu akaitwaa?"

"Akaitwaa."

Bi Mwanaidi akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akashika ngazi. Halafu akainuka, akakung'uta buibui lake. "Ndoo," akaniambia, akinivuta mkono. "Twende ukanifasirie."

Dua yangu ilikuwa arudi. Sikuomba arudi vile. Aliingia ukumbini kichwa juu, akamwamuru Halima aweke ubeti wa mwisho peke yake, akanikabidhi maiki, na akaenda kusimama mbele ya shangazi yangu. Nikafasiri mara tatu, maana kila ukiisha alisema "Tena," huku akicheza na kidole chake hakiondoki usoni pa Shangazi: kaeni naye! Wanawake wa Pate walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Mara ya tatu Shangazi mwenyewe akatoka akamtunza, kwa mkono mzito. Ndipo Bi Mwanaidi akapanda jukwaani, akafungua kipochi, akamvisha Swabra mkufu, akamfuta wanja kwa kidole kile kile.

Siku hizi akina mama wakinikuta njiani huniuliza pikapu niliiegesha wapi, katika mji usio na magari. Nawaitikia salamu na kupita.

Wimbo wangu sijaubadilisha, na Chebet nimeshamwandikia sababu zangu zote. Lakini nimeapa: ukumbini pa harusi sichagui tena wimbo kabla sijajua nani ameketi kiti cha mbele, na siku hiyo amekuja kumkabidhi nani. Mimi nilikiuliza kile kimuziki kila swali duniani, na hilo moja, la nani atakayeusikia, ambalo mtu yeyote wa Amu angeniuliza kwanza, sikuliuliza.